Njooni usiku, njooni bila hodi

Kwa waheshimiwa wote mliopewa dhamana ya ukaguzi wa usalama viwandani, Uganda.

Salamu kwenu. Mimi ni mfanyakazi wa kiwanda kinachoyeyusha chuma chakavu na kutengeneza nondo. Jina la kiwanda silitaji, wala langu, na mbele kidogo mtaona kwa nini. Itoshe kusema kiko kwenye ile barabara ndefu itokayo Kampala kwenda Tororo, ambako viwanda vya namna yetu si kimoja wala viwili, kwa hiyo kila mwenye kiwanda akisoma haya ana ruhusa ya kujiuliza kama ni chake. Nina miaka kumi na moja pale. Vidole vyangu vyote kumi ninavyo, na kwetu mtu mwenye miaka kumi na moja na vidole kumi hutazamwa mara mbili.

Nataka kuwaeleza siku mliyokuja.

Mlikuja Alhamisi. Sisi tulijua tangu Jumatatu. Jumatatu asubuhi madebe sita ya rangi ya njano yaliingia getini, na watu wawili wakapiga magoti kuchora mistari sakafuni, huku njia ya watu, huku njia ya magari. Jumanne mitungi ya kuzimia moto, ambayo miwili kati yake kazi yake ilikuwa kuzuia mlango wa stoo usijifunge, ilipanguswa vumbi ikatundikwa ukutani. Jumatano jioni foremani akatangaza kwamba vibarua wote wanaoletwa na wakala wa ajira kesho wasije, na kwa kuwa hawatafanya kazi, siku hiyo hawalipwi. Hao ni karibu nusu ya shifti. Sisi tuliobaki tukaambiwa tukiulizwa tujibu kwamba tunapewa mafunzo kila mwezi.

Alhamisi saa moja asubuhi stoo ikafunguliwa. Nilipewa kofia ngumu ikiwa na nailoni yake ya dukani kwa ndani. Nikataka kuichana, mtunza stoo akanikemea: "Acha hivyo hivyo mzee, itarudi hiyo." Nikavaa na nailoni yake, jasho likinitiririka shingoni kama nimemwagiwa maji. Glavu za ngozi, hazina tundu hata moja. Gambuti zenye chuma mbele. Siku ile nzima tulikuwa wafanyakazi wa kwenye kalenda. Mkaguzi alikuwa mtu mpole, ana daftari, alinisalimu kwa Kiingereza nami nikamjibu kwa Kiingereza changu kidogo, meneja akiwa amesimama katikati yetu kama mshenga. Akaniuliza kama kazi iko salama. Nikasema iko salama. Ungekuwa wewe ungejibuje?

Saa kumi na moja jioni mtunza stoo alisimama mlangoni na gunia. Kofia zikaingia moja moja, akizihesabu kwa sauti. Moja ikapungua. Tulizuiwa getini karibu saa nzima mpaka ikapatikana chooni. Sijawahi kukiona kiwanda kile kikitafuta kitu kwa bidii namna ile.

Sasa nije kwenye mashine ya kukatia nondo. Ina kava la bati zito linalofungwa kwa boliti nne. Kava likiwepo, mkono haufiki kwenye kisu. Lakini likiwepo, kipande kikikwama inabidi uzime mashine, ufungue boliti nne, ukitoe, ufunge tena, uwashe: dakika kumi na mbili kama una spana nzuri. Bila kava unaingiza mkono, unakichomoa, sekunde tano. Na shifti inadaiwa tani zake kabla ya alfajiri. Hesabu hiyo kila mtu anaijua, wa kwanza foremani. Kava lile lilikuwa limeegemezwa ukutani muda mrefu mpaka buibui wakajenga. Jumatano ya wiki yenu fundi alilirudisha, akalipaka njano. Alhamisi mlilitazama mkaandika. Ijumaa kabla ya chai spana ilikuwa imeshatoka mfukoni.

Wiki ya tatu baada ya hapo kijana mmoja alikatwa, saa tisa usiku. Alikuwa wa wakala, siku yake ya nne kazini, na mafunzo yake yalikuwa kumtazama aliyemtangulia kwa nusu saa. Mashine haikubadilisha mlio. Tulijua kwa jinsi alivyokaa chini, polepole, kama mtu aliyechoka, kashika kifundo cha mkono wa kulia, anatazama ukuta. Vidole vitatu. Supavaiza akaufunga mkono kwa fulana, tukampakia kwenye pikapu, mimi nikaenda naye. Mapokezi hospitalini muuguzi akauliza imekuwaje, na supavaiza, kijana hajafumbua hata mdomo, akasema: "Ajali ya bodaboda." Ikaandikwa hivyo. Niliisoma karatasi kwa macho yangu. Nilikuwa nimesimama pale na sikusema kitu, nina watoto wanne wanaonitegemea. Tusidanganyane, barua hii imezaliwa na kunyamaza kule.

Kwa hiyo mkirudi mkafungua rejista ya ajali, kijana yule hamtamkuta. Mtakuta ukurasa mweupe, na mtaandika kwamba kiwanda hakikuwa na ajali mwaka huu. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri awe na bima ya watu wake. Anayekufa au kulemaa kabisa kazini alipiwe mshahara wa miezi 60, na ulemavu mwingine upimwe kwa asilimia kufuata jedwali la sheria yenyewe. Mfanyakazi naye anatakiwa atoe taarifa ndani ya mwezi mmoja. Huyu wetu mwezi wake uliishia barabarani. Wakala anamwambia nenda kiwandani, kiwanda kinamwambia nenda kwa wakala, na mkononi ana karatasi inayosema alianguka na boda. Hata hiyo fidia yenyewe hupigwa kwa kipimo cha mshahara, na kima cha chini kilichomo kwenye vitabu vya nchi hii ni shilingi 6,000 tangu 1984. Sikukosea, ni kwa mwezi. Leo ni hela ya rolex mbili tatu, yaani chapati za kuviringishia yai, nazo za yai moja.

Kuna watu husema shida yetu ni kukosa sheria. Mimi nimezisoma kwa miwani ya kuazima na naona tunazo. Katiba ya 1995, ibara ya 40, inalitaka Bunge litunge sheria za kumhakikishia mtu haki ya kufanya kazi mahali salama penye kulinda afya. Ikaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Inamtaka mwajiri ampe mtu vifaa vya kujikinga, inataka penye watu 20 na zaidi pawe na kamati ya usalama, na inampa mkaguzi meno: anaweza kutoa ilani ya kurekebisha kasoro, na palipo na hatari ya karibu akasimamisha kazi. Kamati yetu ipo. Ina wajumbe watano, majina yao yamebandikwa kwenye ubao, na mmoja wao alihamia Mbale siku nyingi.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni cha zamani kuliko hivyo. Uganda iliridhia Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa ukaguzi wa kazi, mwezi Juni 1963, hata mwaka haujatimia tangu bendera ipande. Mkataba ule unampa mkaguzi mwenye kitambulisho chake haki ya kuingia mahali pa kazi bila taarifa, saa yoyote, mchana au usiku. Kwetu Walukuba, mtaa wa Jinja nilikokulia, mtoto akiingia nyumba ya watu bila hodi alichapwa, na akienda kushtaki kwao anachapwa tena. Hodi ni adabu. Inampa mwenye nyumba nafasi ya kufunga kanga na kuondoa sahani chafu. Kiwanda nacho, kikipigiwa hodi, hufanya hayo hayo, ila uchafu unaoondolewa ni nusu ya wafanyakazi, na kinachofungwa ni kava la boliti nne.

Nimesema pia usiku, nina sababu. Tanuri letu ni la umeme, na umeme wa viwanda bei yake hushuka kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Basi kazi nzito huangukia saa hizo. Mkija saa nne asubuhi mnaonyeshwa tanuri lililopoa na watu wanaofagia. Mameneja wako usingizini wakati chuma kinachemka, na anayeamua kila kitu ni supavaiza mmoja mwenye simu ambayo haipigwi kwa sababu hakuna anayetaka kumwamsha bosi.

Saa hizo kuna jambo moja ninaliogopa kuliko kisu. Chuma kilichoyeyuka kinafika nyuzi 1,600 za Selsiasi hivi. Skrepu yetu, yaani hicho chuma chakavu, inalala uwanjani bila paa. Kuanzia Machi hadi Mei mvua inaponyesha, maji yanaingia kwenye mabomba, kwenye makopo yaliyobondwa, kwenye kila kitu chenye tumbo. Maji yakizama ndani ya chuma kilichoyeyuka yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Hauna pa kwenda ila juu, pamoja na chuma. Maji ya kikombe kimoja cha chai yanatosha. Mtungi wa gesi uliofungwa, au bomba lililobanwa ncha zote mbili, ni hivyo hivyo. Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo: paa la mabati juu ya skrepu, na watu wawili wenye macho wa kuichambua kabla haijaingia. Tulikuwa nao wachambuzi, wawili. Waliondolewa ili kupunguza gharama. Sasa anayepakia ndiye anayechambua, usiku, kwa taa moja, na mvua ikinyesha anachambua kwa kusikiliza: akitikisa bomba likisema chwa, analiweka kando.

Mtauliza kwa nini hatusemi. Mwenzetu mmoja alisema. Alikuwa mwendesha kreni, mtu wa kusoma magazeti, akaandika barua nzuri ya kurasa mbili akaipeleka kwa mkono katika ofisi inayohusika, ambayo pia siitaji. Hata siku kumi hazijapita, meneja akamwita. Barua ilikuwa mezani. Si nakala, ni ileile, yenye alama ya chai aliyoimwagia mwenyewe alipokuwa anaiandika. Hawakumfukuza siku ile. Walimtoa kwenye kreni wakampeleka kufagia, na baada ya miezi miwili akaondoka mwenyewe. Hapo ndipo wote tuliobaki tulijifunza Kiingereza cha "iko salama". Mkataba ule ule tulioridhia 1963 unasema chanzo cha malalamiko kiwe siri kabisa, na mkaguzi asimdokeze hata kidogo mwajiri kwamba amekuja kwa sababu ya malalamiko. Ndiyo maana nawaomba mje mara kwa mara bila kuitwa. Mkija siku zote, hakuna atakayejua ni siku gani mliitwa.

Na mkija, semeni na sisi kwa lugha yetu. Sisemi hili kwa kuipenda tu. Baba yangu alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo Jinja, miaka ambayo kila nyumba ya Walukuba ilikuwa na mtu wa kiwandani. Jirani wa kulia alitoka Gulu, wa kushoto Busia, wa nyuma Kongo, na sote tulikutana kwenye Kiswahili, kama wanavyokutana leo watu wa tanuri letu. Mzee alirudi nyumbani masikio yamejaa mlio wa mitambo. Redio aliifungua mpaka mwisho, na alipotuita kula majirani walidhani anagombana na mama. Wataalamu wanasema kelele ikivuka desibeli 85 kwa saa 8, siku baada ya siku, inakula masikio, na yaliyoliwa hayarudi. Kuna bango lililosema hivyo, aliniambia uzeeni, nikiwa nimekaa upande wake wa kushoto uliosikia kidogo. Liliandikwa kwa Kiingereza, na yeye alidhani ni la bei ya nguo.

Bango la kwetu leo nalo ni la Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Sawa, watoto wasome. Lakini kijana wa Kongo anayeshika koleo usiku wa leo hatarudi darasani. Mwandikieni pale kwenye mashine, kwa herufi kubwa: zima kwanza. Maneno mawili tu.

Nisiwe mtu wa kulaumu upande mmoja. Siku mliyokuja niliona gari lililomleta mkaguzi wenu. Lilikuwa la kiwanda. Dereva ni mwenzetu, alimfuata asubuhi na kumrudisha jioni, na njiani walisimama wakala samaki kwa bili ya kampuni. Simtuhumu yule bwana kwa kipande cha samaki. Mtu asiye na gari wala mafuta, mwenye viwanda vingi kwenye orodha, atafika vipi? Mkataba niliokwisha kuutaja unaitaka serikali impe mkaguzi usafiri wa kazi yake. Asipopewa na serikali atapewa na anayekaguliwa, na ukipanda gari la mtu unafika saa anayotaka yeye. Haya ni ya wenye bajeti, si ya mkaguzi. Ila pikipiki moja na lita chache za petroli saa nane za usiku zingewapa habari ambayo safari kumi za mchana hazijawapa.

Sisemi vyeti havina maana. Nasema tu nimesoma habari za Karachi, Pakistani, Septemba 2012. Kiwanda cha nguo kiliungua, wakafa watu zaidi ya 250. Madirisha yalikuwa na nondo, milango imefungwa. Na wiki chache kabla, kiwanda hicho hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa kwamba mazingira yake ya kazi ni mazuri. Nilipoisoma nilikuwa kwenye mapumziko ya usiku, nikainua macho nikautazama mlango wetu wa nyuma. Usiku hufungwa kwa kufuli kwa sababu ya wezi wa nondo. Ufunguo unakaa kwa askari wa geti la mbele, mita mia mbili kutoka pale, na askari hulala. Nimewahi kumwambia supavaiza. Alinijibu kwamba njia ya dharura imechorwa sakafuni kwa njano. Ni kweli imechorwa. Inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye kufuli.

Basi waheshimiwa, mkikubali ombi langu, msianzie ofisini kwa chai. Njooni baada ya saa sita usiku, mwambieni askari afungue mlango wa nyuma, mtazame saa zenu mpaka ufunguo ufike. Piteni uwanja wa skrepu, mtikise bomba moja wapo mlisikilize. Stoo mwombeni mtunza stoo awaonyeshe kofia ngumu, na mziangalie kwa ndani kama nailoni bado ipo. Kisha nendeni kwenye mashine ya kukatia. Mtaijua kwa rangi ya njano, na kwa tundu nne zisizo na boliti. Pale atakuwa amesimama kijana mwingine wa wakala, si yule. Mwiteni pembeni, mbali na supavaiza, mumuulize kwa Kiswahili hii ni siku yake ya ngapi, na ni nani aliyemfundisha.

Wenu,

Mfanyakazi wa shifti ya usiku